Tuzo za mwigizaji wa filamu za Kihindi: nani anazitoa, na zina uzito gani

Septemba 23, 2025, katika ukumbi wa Vigyan Bhavan mjini New Delhi, Rais Droupadi Murmu alimkabidhi Shah Rukh Khan tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kiume, kwa filamu ya Jawan ya mwaka 2023. Wapenzi wengi wa picha za Kihindi walifurahi, kisha wakashangaa: ina maana miaka yote hiyo hakuwa nayo? Mtu aliyeingia kwenye sinema mwaka 1992 na Deewana, ambaye kabati lake limejaa tuzo hadi hazina pa kukaa?

Hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni Filmfare ya mwigizaji bora mara nane, na hiyo ni tuzo ya aina nyingine kabisa. Wanaoandika wasifu wa mastaa wa Bombay wana tabia ya kujumlisha kila kitu kwenye fungu moja: medali ya serikali, sanamu ya jarida, zawadi ya kituo cha televisheni, shahada ya heshima ya chuo kikuu. Halafu wanakuambia fulani ana tuzo mia mbili. Namba hiyo haikuambii chochote mpaka ujue kila moja imetoka mkono wa nani, na imetolewa kwa kazi gani.

Tuanze na Filmfare kwa sababu ndiyo inayotajwa zaidi. Filmfare ni jarida la sinema la kundi lile lile linalomiliki gazeti la Times of India. Mwaka 1954 jarida hilo liliamua kuwapa zawadi watu wa filamu za Kihindi, na wasomaji wake ndio waliopiga kura. Usiku wa kwanza, katika jumba la sinema la Metro mjini Bombay, kulikuwa na tuzo tano tu. Dilip Kumar akawa mwigizaji bora wa kwanza, kwa filamu ya Daag, na Meena Kumari akachukua ya wanawake kwa Baiju Bawra. Sanamu yenyewe ni ya mwanamke aliyeinua mikono, na kwa sababu ya rangi yake ikabatizwa jina la Bibi Mweusi. Baadaye majaji waliongezwa pamoja na kura za wasomaji, vipengele vikaongezeka mwaka hadi mwaka, na hafla ikageuka kuwa onyesho la televisheni lenye wadhamini, dansi na utani.

Kwa hiyo Filmfare ni sauti ya tasnia na mashabiki wake, ndani ya lugha moja. Inapima nani alitikisa mwaka ule. Hilo si jambo dogo, ila lina matundu yake. Sholay ya mwaka 1975, ambayo watu wazima wengi wa Pwani wanaweza kukusimulia kuanzia mwanzo hadi mwisho, ilipata Filmfare moja tu, ya uhariri. Mwaka ule ule Deewaar ilizoa tuzo, ikiwemo ya filamu bora, lakini Amitabh Bachchan aliyeibeba filamu ile mabegani hakupata kitu. Aliyetuzwa ni Shashi Kapoor, mdogo wake ndani ya hadithi, kama mwigizaji msaidizi. Miaka thelathini baadaye, mwaka 2005, Filmfare wenyewe wakaipa Sholay heshima ya filamu bora ya miaka hamsini. Ukipenda unaweza kuita hiyo fidia.

Kuna na la aibu zaidi. Mwigizaji Rishi Kapoor, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2017, aliandika kwamba akiwa kijana, msimu wa filamu yake ya Bobby, alitoa rupia 30,000 ili apate tuzo ya mwigizaji bora. Mwaka huo Amitabh alikuwa na filamu ya Zanjeer, na tuzo ikaenda kwa Rishi. Simulizi hilo halimaanishi kwamba kila tuzo ya Bombay hununuliwa. Linaeleza tu kwa nini waigizaji wenyewe hawaziamini zote kwa kiwango kimoja. Aamir Khan kwa miaka mingi haendi kwenye hafla hizi kabisa, lakini kura haimjali: alipewa Filmfare ya mwigizaji bora kwa Lagaan na tena kwa Dangal. Mwaka 2002 alipanda ndege hadi Los Angeles kwa ajili ya Oscar, Lagaan ilipoteuliwa kuwania tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni. Tuzo haikuja, ila yeye alikwenda.

Baada ya Filmfare zikazaliwa nyingine nyingi za namna hiyo, za Screen, za Zee Cine, na IIFA ambayo tangu mwaka 2000 ilipoanzia London huhama kutoka nchi hadi nchi. Sitakaa sana hapo. Nyingi zinategemea televisheni na wadhamini, na mara nyingi majina yanayopanda jukwaani ni yale yale.

Tuzo ya Taifa ya Filamu ni mnyama mwingine. Nayo ilianza 1954, lakini inatolewa na serikali ya India, na anayeikabidhi kwa kawaida ni rais wa nchi. Tofauti kubwa iko kwenye uwanja wa mashindano. Filmfare ya Kihindi inashindanisha filamu za Kihindi peke yake. Ya taifa inaweka pamoja lugha zote: Kimalayalam, Kitamil, Kibengali, Kimarathi, Kikannada na nyinginezo. Steringi wa Bombay anayejaza majumba ya sinema kutoka Delhi hadi Dubai anapimwa na mwigizaji wa jimbo la Kerala ambaye wewe na mimi pengine hatujawahi kumsikia, na mbele ya majaji hao mauzo ya tiketi hayapewi alama. Waigizaji walianza kutuzwa kwa ajili ya filamu za mwaka 1967, na wa kwanza kwa wanaume alikuwa Uttam Kumar, nyota wa sinema za Kibengali.

Utaratibu wake ni wa kiofisi. Filamu lazima iwe imepitishwa na bodi ya ukaguzi ndani ya mwaka husika, na mtayarishaji ndiye anayeipeleka kushindanishwa, asipoipeleka, basi. Majaji wa kanda huchuja kwanza, kisha jopo kuu Delhi huamua. Mshindi wa uigizaji hupewa medali iitwayo Rajat Kamal, yenye yungiyungi la fedha, na pesa ambazo kwa staa wa daraja la Shah Rukh hazitoshi hata gharama za msafara wake: rupia laki mbili, kwa viwango vya sasa. Mwaka 2025 hata kiti chenyewe kiligawanywa, kwa kuwa Vikrant Massey alitangazwa mshindi pamoja na Shah Rukh, kwa filamu ya 12th Fail.

Hapo ndipo unapoona vizuri tofauti ya mizani hizi mbili. Kwa filamu zile zile za mwaka 2023, Filmfare ya mwigizaji bora ilikwenda kwa Ranbir Kapoor, kwa Animal. Shah Rukh aliwania kwa Jawan akakosa. Massey alipata ile ya wahakiki, ambayo Filmfare huitenga kando. Mwaka mmoja, waigizaji wale wale, majibu mawili.

Na serikali nayo si malaika. Mwaka 2004 wengi waliamini kazi bora ya Shah Rukh ilikuwa Swades, filamu tulivu ya mhandisi wa NASA anayerudi kijijini India. Filmfare wakampa. Majaji wa taifa wakampa Saif Ali Khan kwa Hum Tum, filamu ya mapenzi na vichekesho, na minong'ono ikaanza kwa kuwa mama yake Saif, Sharmila Tagore, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya ukaguzi wa filamu. Bodi hiyo haichagui washindi, lakini minong'ono haisomi katiba. Sasa angalia mzunguko wa mambo: jopo lililompa Shah Rukh tuzo ya Jawan liliongozwa na Ashutosh Gowariker, mwongozaji wa Swades. Mimi naona Jawan haifiki hata kiunoni mwa Swades kwa uigizaji, na sidhani niko peke yangu. Tuzo inasomeka Jawan, lakini wengi tuliisoma Swades.

Amitabh ndiye mwenye rekodi ya tuzo hiyo kwa wanaume, mara nne: Agneepath, Black, Paa na Piku. Agneepath ya mwaka 1990 ilipotoka haikufanya vizuri kwenye majumba, na watazamaji walilalamikia hata sauti nzito aliyoitumia mle ndani. Majaji hawakujali. Dilip Kumar naye ni kinyume chake: Filmfare nane za mwigizaji bora, ya mwisho kwa Shakti, ambamo alikuwa baba na Amitabh mwanawe, na wote wawili wakawania, lakini tuzo ya taifa ya mwigizaji bora hakuipata hata mara moja. Halafu yuko Mithun Chakraborty, ambaye huku kwetu ni Disco Dancer na mashati yenye kumetameta. Watu hushangaa wakiambiwa kwamba filamu yake ya kwanza kabisa, Mrigayaa ya 1976, ilimpa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora akiwa hajulikani na mtu. Aliigiza mwindaji wa kabila la msituni, na hakuna disko mle hata dakika moja.

Sasa ukiona neno Padma mbele yako, jua umetoka kwenye sinema umeingia kwenye nishani za dola. Padma Shri, Padma Bhushan na Padma Vibhushan ni ngazi tatu zinazopanda kwa mpangilio huo, na juu yake iko Bharat Ratna. Wanapewa madaktari, wanasayansi, wakulima, wanamuziki na wanamichezo. Hazitolewi kwa filamu fulani, bali kwa utumishi mzima wa mtu, na majina hutangazwa mkesha wa sikukuu ya Jamhuri, Januari 26. Pesa hazimo. Amitabh amepanda ngazi zote tatu: 1984, 2001 na 2015. Shah Rukh ana ya kwanza tu, ya mwaka 2005. Tena si cheo: katiba ya India inakataza serikali kugawa vyeo, na mahakama kuu ya nchi iliamua miaka ya tisini kwamba nishani hizi ni halali mradi mtu asizibandike kwenye jina lake. Kwa hiyo yale mabango yanayoandika "Padma Shri fulani" yanavunja masharti yenyewe ya nishani.

Tuzo ya Dadasaheb Phalke ni ya kuhitimisha. Imepewa jina la aliyetengeneza Raja Harishchandra mwaka 1913, filamu ndefu ya kwanza ya India, na tangu 1969 alipoipokea mwigizaji Devika Rani hutolewa kwa mtu mmoja kwa mwaka, kwa mchango wa maisha yote. Hakuna kuwania wala filamu ya kushindanisha. Amitabh alitangazwa 2019, akaugua siku ya hafla, akaipokea siku chache baadaye ikulu. Mithun aliipokea 2024. Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha Raj Kapoor, Mei 1988: pumu ilimbana akiwa ameketi ukumbini, na Rais Venkataraman akashuka jukwaani kumfuata kitini kwake. Raj alifariki mwezi mmoja baadaye.

Zinabaki za nje. Ufaransa ilimpa Amitabh nishani yake ya Legion d'honneur mwaka 2007, na Shah Rukh mwaka 2014. Edinburgh walimpa Shah Rukh shahada ya udaktari wa heshima. Hizi hazihukumu uigizaji. Nchi au chuo kinatambua kwamba mtu huyu anapendwa na watu wengi duniani, na mara nyingine kinataka kidogo ya mapenzi hayo.

Na mara nyingine nishani ya nje huja na mzigo. Dilip Kumar, jina lake la kuzaliwa Yusuf Khan, alizaliwa Peshawar, mji ambao baadaye ukawa wa Pakistan. Mwaka 1998 Pakistan ilimpa Nishan-e-Imtiaz, nishani yake ya juu kwa raia. Mwaka uliofuata vita vya Kargil vikazuka kati ya nchi hizo mbili, na chama cha Shiv Sena mjini Bombay kikamtaka airudishe. Mzee akaenda kumwona Waziri Mkuu Vajpayee, ambaye alimwachia uamuzi mwenyewe. Hakuirudisha.