VSC haiongezi mshiko wa tairi
VSC ni mfumo wa kompyuta unaosaidia gari lisiserereke. Vijiweni Tanga, yakizungumzwa magari kama Mark X na Crown, hukosi kusikia: "Hiyo ina VSC, haitelezi." Si kweli, na kwa gari lenye injini ya V6 (silinda sita) inayosukuma matairi ya nyuma, imani hiyo ni ya hatari.

VSC husoma pembe ya usukani, kasi ya kila tairi na jinsi bodi inavyozunguka. Ikiona gari haliendi unakoelekeza, hupunguza nguvu ya injini na kukamata breki ya tairi moja moja. Kwenye kona ya kushoto, mkia ukichomoka, hubana tairi la mbele kulia ili kuurudisha. Lakini breki hiyo nayo inategemea mpira uleule unaogusa lami. Tairi likiwa kipara, au likielea juu ya maji, haina pa kushika.

Kinachowaponza wengi ni kasi. Kona uliyoipita kwa 50, ukiiingia kwa 100 inadai mshiko mara nne, si mara mbili. Sasa fikiria barabara ya Segera–Tanga masika yanapoanza, lami ina vumbi na mafuta yaliyolowa. Kompyuta gani itautoa wapi mshiko huo?



Taa ya gari linaloserereka ikimetameta kwenye dashibodi, ujue mshiko umefika ukingoni. Punguza mafuta taratibu. Ukiachia ghafla katikati ya kona, uzito hukimbilia mbele na mkia huzidi kuwa mwepesi.