"Nimeridhika" ya mgonjwa haithibitishi kitu

Wengi hudhani kazi ya anayejitolea kukagua huduma za kliniki ni kuwauliza wagonjwa "Umeridhika?" na kuhesabu waliosema ndiyo. Jibu hilo halina uzito. Anayeulizwa akiwa bado kwenye foleni, muuguzi akisikia, atasema ndiyo tu. Dawa bado hajapata.

Mngoje atoke dirisha la dawa, muulize kando na wahudumu, na jina lake usiandike. Uliza kilichotokea: ulifika saa ngapi, ukamwona daktari saa ngapi, dawa zote ulizoandikiwa umepewa, umeelezwa namna ya kuzitumia? Ukijichagulia wenye nyuso za upole utapotoka. Chukua kila mtu wa 5 anayetoka. Waliochoka kungoja wakaondoka hawatakuwamo humo, nao ndio wenye mengi ya kusema, hivyo simama pia kwenye lango.

Kisha kagua. Fungua bomba uone maji yakitoka, jaribu komeo la choo, tazama sabuni. Ikiwepo saa 2 asubuhi, rudi saa 7 mchana. Usiandike "pachafu", andika ulichoona na saa yake. Chumba cha daktari usiingie mgonjwa akiwamo.