Fomu iliyosainiwa haiondoi wajibu wa msimamizi

Wengi huamini, washiriki kwa viongozi wa michezo ya burudani, kwamba ukishasaini fomu ya kukubali hatari, lolote litakalokupata ni juu yako. Si ajabu, maana karatasi yenyewe mara nyingi husema hivyo.

Lakini saini hukubali hatari ya kawaida ya mchezo, kama kuteguka mguu mlimani. Uzembe ni jambo jingine. Uingereza, sheria ya haki za walaji ya 2015 hairuhusu mfanyabiashara kujivua dhima ya kifo au jeraha lililosababishwa na uzembe wake. Kwingine fomu ina nguvu zaidi, ila uzembe uliokithiri kwa kawaida haufunikwi.

Tazama bwawa la kuogelea. Maji yamechafuka hadi kifuniko cha tundu la kutolea maji, kule kwenye kina kirefu, hakionekani ukiwa ukingoni. Wateja wamelipa na wamesaini. Hata hivyo bwawa hufungwa, kwa sababu aliyezama hataonekana. Radi nayo ikinguruma, watu hutoka majini na kusubiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Kosa la kawaida ni kuhesabu tangu ile ya kwanza.

Kabla ya kusaini, tafuta neno "uzembe" kwenye fomu, uone kama inajaribu kuufunika. Uliza ni nani anayeweza kusitisha shughuli papo hapo bila kumpigia bosi simu. Kisha omba daftari la ukaguzi wa vifaa: tarehe, jina la mkaguzi, kasoro, kilichorekebishwa. Daftari lisilo na kasoro hata moja mwaka mzima hutia shaka kuliko lenye nyingi.