Kurudi Ufaransa viza ya muda mrefu ikiwa imebakiza siku chache

Mwanafunzi wa Kenya, Tanzania au Kongo anayesoma Ufaransa kwa viza ya mwaka mmoja akienda nyumbani likizo ya Julai na Agosti, mara nyingi hurudi viza ikiwa imebakiza wiki moja au mbili. Je, ataruhusiwa kuingia? Kwa upande wa viza, ndiyo. Hakuna kiwango cha wiki au miezi ambacho viza ya muda mrefu lazima iwe imebakiza. Maadamu haijaisha na stika ina neno MULT, yaani kuingia mara nyingi, inatumika mpakani hadi siku yake ya mwisho.

Ila kuingia hakuongezi hata siku moja. Viza inayoishia 31 Agosti 2026 inaisha siku hiyohiyo, uwe uliingia jana au mwaka uliopita. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi jiulize tarehe 1 Septemba utakuwa na karatasi gani mkononi.

Jibu linaanzia kwenye stika, sehemu ya "Remarques". Ikiwa imeandikwa VLS-TS au "CESEDA R431-16", viza yako inafanya pia kazi ya kibali cha ukaazi, mradi uliithibitisha mtandaoni ndani ya miezi 3 tangu ulipoingia Ufaransa na kulipa ada yake. Asiyeithibitisha amebaki na stika yenye tarehe nzuri isiyo na nguvu: muda huo ukipita, ukaazi wake si halali na hawezi kuvuka tena mpaka wa Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia mpaka mmoja wa nje, bila viza mpya. Chapisha uthibitisho huo na uuweke pamoja na pasipoti, usiuache kwenye simu inayoweza kuzima chaji. Ikiwa imeandikwa "carte de séjour à solliciter", ulitakiwa kuomba kadi ya ukaazi ndani ya miezi 2 tangu kufika. Na "dispense temporaire de carte de séjour", yaani msamaha wa muda wa kadi ya ukaazi, ni viza ambayo kwa kawaida haiongezwi muda. Ikiisha, unaondoka.

Mwenye VLS-TS anayetaka kuendelea kukaa anatakiwa kuomba kibali kipya kati ya miezi 4 na miezi 2 kabla ya viza kuisha. Kwa viza ya 31 Agosti, hapo ni tangu mwanzoni mwa Mei hadi mwishoni mwa Juni, yaani kabla ya likizo. Wengi huahirisha kwa sababu barua ya kukubaliwa mwaka unaofuata haijatoka au matokeo ya mitihani bado, halafu wanapanda ndege. Mtu wa namna hiyo akirudi 22 Agosti na kutuma maombi 25, atakuwa amechelewa. Mfumo wa maombi wa mtandaoni utampa risiti ya kupokea maombi, nayo haimpi haki ya kukaa wala ya kusafiri. Ikifika Septemba bila karatasi nyingine, mwajiri wake anaweza kusimamisha kazi.

Karatasi za mtandaoni hufanana kwa sura, na hapo ndipo watu huumia. "Confirmation de dépôt" inasema tu kwamba maombi yamepokelewa. "Attestation de prolongation d'instruction" ndiyo yenye uzito: hutolewa faili likiwa kamili na uchunguzi ukivuka tarehe ya kuisha kwa kibali, na kwa anayeongeza muda humwezesha kutoka na kurudi, akiibeba pamoja na pasipoti na viza iliyoisha. Ombi la kibali cha mara ya kwanza ni jambo jingine. Risiti yake peke yake haimrudishi mtu ambaye viza yake imeisha. Ushauri wetu ni mkali kidogo: kama viza itaisha ukiwa nje na attestation hiyo haijaingia kwenye akaunti yako, usisafiri. Ikikuishia Mombasa au Goma bila hiyo, mlango uliobaki ni ubalozi mdogo wa Ufaransa, na hapo hakuna wa kukuahidi tarehe.

Sasa tiketi. Kinachohesabiwa ni saa ya kuvuka mpaka, si saa ya kuondoka. Ndege inayotoka Nairobi saa tano usiku tarehe 31 Agosti inatua Paris tarehe 1 Septemba, na wewe huna viza. Huenda hata usipande: shirika linalomleta abiria asiye na hati linaweza kutozwa faini ya hadi euro 10,000, ndiyo maana mhudumu wa kaunta huigeuza pasipoti mara mbili. Jiachie siku kadhaa za akiba, kwani safari huahirishwa.

Ukipitia Amsterdam, Brussels au Frankfurt, ukaguzi wa kuingia Schengen unafanyika huko, si Paris. Viza hai haina shida. Kwa attestation ya kuchapisha ni afadhali ndege ya moja kwa moja hadi Ufaransa, ambako maafisa huiona kila siku.

Afisa anaweza kuuliza unarudi kufanya nini kwa siku tisa. Uwe na cheti cha chuo, uthibitisho wa makazi na, kama huongezi muda, tiketi ya kuondoka. Mfungulie ukurasa wa viza ya muda mrefu mwenyewe. Mfumo mpya wa kusajili wanaoingia na kutoka, EES, ulioanza 12 Oktoba 2025, ni wa wageni wa muda mfupi, na mwenye viza ya muda mrefu hahusiki. Ukisajiliwa humo kimakosa, unaanza kuhesabiwa siku 90 za mgeni wa muda mfupi, zisizo zako.

Kurudi kufunga mizigo na kurudisha funguo za chumba ni sababu halali. Usitegemee tu kukaa kama mtalii baada ya hapo: raia wa nchi zetu wanahitaji viza ya muda mfupi, na hiyo kwa kawaida huombwa nyumbani. Siku za viza ya muda mrefu hazipunguzi zile 90, lakini hazimpi mtu hizo 90 bure.