Enoch Powell: aliwasemea wa Hola, akawakataa wa Nairobi

Mtaje Enoch Powell, mbunge wa Uingereza wa karne iliyopita, mbele ya Waingereza na watakukumbusha hotuba ya Birmingham ya 1968 dhidi ya wahamiaji. Mtaje mbele ya Mkenya anayefuatilia historia ya Mau Mau, na huenda akakuambia kwamba huyo ndiye Mzungu aliyewasemea waliouawa Hola. Yote mawili ni kweli. Upotofu huanza pale kila upande unaposhika kipande chake na kudai umempata mtu mzima. Hebu tuyapime madai matano yanayosemwa juu yake, moja baada ya jingine.

"Aliwatetea wa Hola, basi alikuwa rafiki wa Waafrika."

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola kando ya mto Tana, wafungwa 85 waliokuwa kizuizini kwa tuhuma za Mau Mau walitolewa kwenda kufanya kazi ya lazima kwenye mradi wa umwagiliaji. Walipogoma, askari waliwashukia kwa marungu, na 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Maiti zilipochunguzwa, uongo huo ukaumbuka.

Bunge la Uingereza lilijadili suala hilo usiku wa Julai 27. Saa saba za usiku zilikuwa zimepita Powell aliposimama. Chama chake cha Conservative ndicho kilichokuwa kinatawala, na uchaguzi mkuu ulikuwa mlangoni. Mbunge mwenye akili ya kawaida angekaa kimya. Katika mjadala huo mbunge mwenzake wa chama alikuwa amewaita wafungwa hao viumbe walio chini ya binadamu. Powell akamjibu kwamba ni fundisho la kutisha kumhukumu binadamu mwenzako kisha ukasema kifo chake hakina uzito kwa sababu ya jinsi alivyokuwa. Akaongeza kuwa Uingereza haiwezi kuwa na kipimo cha Kiafrika barani Afrika, cha Kiasia huko Asia, na labda cha Kiingereza nyumbani kwake. Denis Healey wa chama cha upinzani cha Labour, mpinzani wake kisiasa, aliisifu hotuba hiyo maisha yake yote.

Lakini hebu tuiangalie hoja yenyewe. Powell hakuwa anadai uhuru wa Kenya, wala hakuwapongeza Mau Mau. Alisema kwamba maadamu Uingereza ndiyo inayotawala, damu ile iko mikononi mwa serikali yake, na lazima wahusika wawajibike. Alikuwa analinda heshima ya dola yake. Kwa maoni yangu hilo haliipunguzii hotuba hiyo uzito hata kidogo, ila halimfanyi rafiki yetu.

"Powell ndiye aliyewafungia mlango Wahindi wa Kenya."

Alipiga kelele sana, ikiwemo hotuba aliyoitoa katika mji wa Walsall, Uingereza, Februari 1968, lakini sheria hakutunga yeye. Baada ya uhuru, Wakenya wengi wenye asili ya Asia walibaki na pasipoti za Uingereza. Serikali ya Jomo Kenyatta ilipoanza mwaka 1967 kuwadai vibali vya kazi wasio raia, wengi walipanda ndege kwenda London. Mlango ulifungwa na serikali ya Labour ya Harold Wilson, waziri wa mambo ya ndani akiwa James Callaghan. Muswada ulipitishwa bungeni kwa siku chache tu, na kufikia Machi 1968 pasipoti peke yake haikutosha: ilibidi uwe na mzazi, babu au bibi mwenye mizizi Uingereza kwenyewe. Inashangaza jinsi Labour walivyoponyoka lawama hii katika masimulizi yetu.

"Alitabiri 'mito ya damu' na akafukuzwa uwaziri."

Hotuba ya Birmingham, ya Aprili 20, 1968, ilitolewa sheria hiyo ikiwa tayari imepita. Kilichomkera safari hii ni muswada wa kukataza ubaguzi katika nyumba na ajira. Maneno "mito ya damu" hayamo. Alinukuu ubeti wa Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kuhusu mto Tiber ukitoka povu la damu nyingi. Wanaomtetea hung'ang'ania tofauti hiyo kana kwamba inamsafisha. Haimsafishi, kwa sababu hotuba yote ilikuwa inawatia watu hofu ya majirani zao weusi.

Uwaziri hakuwa nao. Conservative walikuwa upinzani, naye alikuwa waziri kivuli wa ulinzi, yaani msemaji wa upinzani kuhusu ulinzi. Kiongozi wake, Edward Heath, alimtoa kesho yake. Siku mbili baadaye makuli wa bandari ya London waliandamana hadi Bungeni kumuunga mkono. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda, Heath huyohuyo, sasa waziri mkuu, alipokea zaidi ya 27,000, huku Powell akipinga.

"Alikuwa mropokaji asiye na elimu."

Akiwa na miaka 25 alikuwa profesa wa Kigiriki huko Sydney. Vitani aliingia kama askari wa kawaida akatoka brigedia, na India alijifunza Kiurdu. Ni hatari zaidi, nadhani, msomi anapojua hasa anachofanya.

"Alikufa akiwa Conservative wa kindakindaki."

Alikihama chama mwaka 1974. Uingereza ilikuwa imeingia Jumuiya ya Ulaya chini ya Heath, jambo alilolipinga kwa nguvu zake zote, na Labour walikuwa wameahidi kuwapa wananchi nafasi ya kuamua. Basi Powell akakataa kugombea, akawahimiza watu wapigie kura Labour, naye akapiga hivyo. Heath akaanguka. Oktoba mwaka huohuo Powell alirudi bungeni kwa tiketi ya chama cha Ulster Unionist, jimbo la South Down huko Ireland ya Kaskazini, akalishikilia hadi aliposhindwa mwaka 1987. Alifariki mwaka 1998 bila kurudi Conservative.