“Dawa za zahanati hazina makali”: hili tulimalize leo

Juzi nimelisikia tena. Mama wa makamo kaja na homa, tumempima malaria haina, namuuliza unatumia dawa yoyote, kanyamaza, alafu akafungua fundo la kanga akatoa kopo la ARV, dawa za VVU. Tupu. Siku kumi na sita halina kidonge. Nikamuuliza mama, unachukulia wapi? Kitete, hospitali ya mkoa kule Tabora mjini. Na kwako ni wapi? Hapo nyuma ya shule, yani dakika ishirini kwa mguu hadi zahanati kwetu. “Mwanangu, nilikuwa nasubiri tumbaku iuzwe nipate nauli. Hizi za huku si wanasema zimepunguzwa makali?”

Mimi ni nesi wa CTC, kliniki ya dawa za VVU, kwenye zahanati huku barabara ya Sikonge na hilo neno silihesabu tena nimelisikia mara ngapi, kwa wazee, kwa vijana, hata kwa mwalimu mmoja aliyesoma. Kwahiyo leo naandika nikiwa nimechoka nalo, mnivumilie.

Nilichofanya kwa yule mama ndo ninachofanya kwa wote. Nikaenda kabatini nikatoa kopo letu nikaliweka pembeni ya kopo lake, nikamwambia soma. Anasoma polepole, kidole kwenye lebo. Tenofovir 300, lamivudine 300, dolutegravir 50. Nikamwambia haya na hili lingine. Tenofovir 300, lamivudine 300, dolutegravir 50. Akaangalia, akasema “lakini hili lenu kubwa na rangi ya lebo ni nyingine.” Sasa hapo ndo tatizo linapoanziaga. Kopo lake lilikuwa la vidonge 30, langu la 90. Kidonge hicho chenye dawa zote tatu tunakiita TLD, na hiyo TLD inatengenezwa na viwanda zaidi ya kimoja, kila kiwanda kina lebo yake na alama yake kwenye kidonge, kwahiyo leo unapewa hivi na mwezi wa nne unapewa vile, hata huko Kitete kwenyewe inabadilikaga. Kilichomo ndani hakibadiliki. Na mzigo unatoka wapi? MSD, bohari ya dawa ya serikali. Ghala la kanda lipo hapa hapa Tabora mjini, ndo linapeleka hospitali ya mkoa, vituo vya afya na zahanati, hakuna ghala la wakubwa na ghala la wadogo.

Najua hili limetoka wapi, sio kwamba watu ni wajinga. Serikali ilipoanza kutoa ARV bure 2004 zilianzia hospitali kubwa, na ili uanze ilibidi CD4, zile seli za kinga ya mwili, zishuke kwanza, chini ya 200 kwa wengi, na mashine ya CD4 haikuwepo zahanati, wala daktari hakuwepo. Kwahiyo aliyeanza dawa kipindi kile anakumbuka foleni ya mjini, kipimo cha mjini, daktari wa mjini, na dawa zenyewe zilikuwa zile za kuchoma miguu na kukondesha mashavu, ilibidi uangaliwe kwa karibu. Alafu mambo yakabadilika. Kwenye 2013, 2014 hivi kliniki za wajawazito zikaanza kuwapa mama wote wenye VVU dawa bila kusubiri CD4, na zahanati nyingi ndo zikaingia hapo. 2016 ikaja pima na uanze kwa kila mtu. 2019 ikaja TLD, kidonge kimoja kwa siku, madhara kidogo, na kirusi kinapata shida kuizoea kuliko zile za zamani. Yani kazi imerahisishwa ndo maana imeshuka huku chini, dawa yenyewe haijashushwa.

Na wanaosema nesi hajui, bora daktari: Afrika Kusini, jimbo la Free State, walifanya utafiti mkubwa majibu yakatoka 2012, manesi wa kliniki za kawaida waliofundishwa kuanzisha dawa wakalinganishwa na utaratibu wa daktari, wagonjwa wa manesi hawakufa zaidi. Mwaka uliofuata WHO ikaelekeza hivyo, nesi aliyepata mafunzo aanzishe na aendelee. Mimi sijajiokotea hii kazi njiani.

Kama unataka kujua dawa inafanya kazi kipo kipimo, HVL, wingi wa virusi. Damu tunakuchukua hapa hapa zahanati, inasafirishwa maabara yenye mashine, majibu yanarudi. Hicho ndo kinasema ukweli, na hakijali umechukulia dawa wapi. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulipita kaya kwa kaya, bara na visiwani, ukakuta kati ya watu wazima wanaotumia dawa 94.3% wamefubaza virusi. Hao hawakutoka mijini peke yake.

Sasa niseme kinachonikera hasa. Huyu mama aliogopa dawa dhaifu, akaishia kukaa siku 16 bila dawa kabisa. Nauli ya kwenda na kurudi, njaa ya siku nzima mjini, masika barabara inateleza gari halipiti, mtu anasema ntaenda wiki ijayo, wiki ijayo mtoto anaumwa. Hayo mapengo ndo yanapandisha virusi. Nimeona HVL ya mtu iliyokuwa haionekani ikarudi na maelfu kwasababu ya nauli tu, hakuna kingine, alafu anakwambia unaona, dawa zimepungua makali.

Zahanati ina mipaka yake na hatuifichi. Ukija umedhoofu sana, CD4 zipo chini, kichwa kinauma hakikomi, au HVL imegoma kushuka hata baada ya kufuatilia unywaji, utaandikiwa rufaa na unatakiwa uende. Ila aliye imara, anayekunywa kidonge chake na kwenda shamba, anafuata nini kilomita zote zile?

Wengine ukiwabana wanakiri sababu sio makali, ni siri. “Pale nesi ni mtoto wa jirani.” Hili nalielewa na sibishani nalo. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inamkataza mhudumu kutoa habari zako, ni kosa. Lakini najua sheria haizuii macho ya watu pale kwenye benchi. Kwahiyo chagua zahanati ya kijiji cha pili kama ya kwenu inakupa shida, bado ni karibu kuliko mjini. Na ukiwa imara tunakupa dawa za miezi mitatu hadi sita, yani unaonekana kwetu mara mbili hadi nne kwa mwaka. Warina asali wanaoingia msituni wiki nzima nzima hii imewasaidia mno. Ombeni, msisubiri nesi akumbuke.

Na kopo, jamani. Linalia ukitembea, najua. Weka pamba ndani. Msimwage vidonge kwenye nailoni mkazifiche kwenye debe la unga, zinapata unyevu na hatujui tena ni zipi za lini.

Mengine nayapitia haraka. “Virusi havionekani kwahiyo nimepona, naacha.” Hujapona, vimejificha, ukiacha vinarudi ndani ya wiki chache tu. Kilicho kweli ni kwamba visipoonekana humwambukizi mwenzio kwa ngono, hilo limethibitishwa kwa maelfu ya wapenzi, mtu akidharau namwambia arudie kusoma. “Mume wangu kapima hana, kwahiyo na mimi sina.” Hapana, kila mtu na kipimo chake. “PrEP ni ya wanaojiuza.” PrEP, dawa ya kujikinga kabla hujaambukizwa, ni ya yeyote asiye na VVU aliye kwenye hatari, hata mke ambaye mume wake bado virusi havijafubaa. Na msiichanganye na PEP, ile ya baada ya tukio, kubakwa au kondomu kupasuka, inatakiwa ianze ndani ya saa 72 na unywe siku 28, kwahiyo usiku ule ule au asubuhi uwe umefika, usikae kufikiria hadi Jumatatu. “Mama mwenye VVU asinyonyeshe.” Anyonyeshe, miezi sita maziwa yake tu, yeye anakunywa dawa na mtoto anapewa ya kwake.

Wajawazito, hili sitoacha kulisema: vile vidonge vya damu vya kliniki mkivimeza pamoja na TLD tumbo likiwa tupu, madini ya chuma yanaizuia dolutegravir kuingia mwilini vizuri. Meza vyote na chakula, au TLD itangulie masaa mawili. Vidonge vya kutafuna vya kiungulia ndo kabisa visikaribiane, hata na chakula, TLD itangulie masaa mawili au ifuate baada ya masaa sita.

Yule mama tumemchukua damu ya HVL na kumpa kopo siku ile ile, homa yake ilikuwa ya kifua, tumempima na TB pia. Kwa wenye nia ya kuhamia karibu na nyumbani: mwambie nesi wa unapochukulia sasa akuandikie uhamisho, njoo na kadi na kopo lenye vidonge vilivyobaki. Na kama dawa zimeshaisha na barua huna, njoo hivyo hivyo kesho asubuhi, simu ya kule tutapiga sisi.