Pimeni ghuba kabla ya kushusha vizimba

Vikundi vya hapa Bukavu vinavyotaka kufuga tilapia katika ziwa Kivu, ndani ya vizimba vya nyavu, vinanijia na swali lilelile: kizimba kimoja kinabeba samaki wangapi? Nami huuliza kwanza: katika ghuba hiyo mna vizimba vingapi tayari, na ni mto gani unamwaga humo?

Wafuga kamba (jamii ya uduvi) wa pwani za mbali waliliona hili kwa hasara. Ecuador na Thailand mikoko ilifyekwa, mabwawa yakachimbwa yakipakana, na kila mtu akapewa kibali chake kana kwamba hana jirani. Maji machafu aliyoyatoa mmoja ndiyo aliyoyavuta mwenzake. Ugonjwa wa madoa meupe, unaoua kamba hao, ulipozuka Asia mwanzoni mwa miaka ya 1990, ulipata njia tayari. Mwaka 2011 ukafika Msumbiji. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya India iliamuru mashamba ya kamba ya kibiashara yaondolewe ndani ya mita 500 kutoka mahali maji yanapofika yakijaa. Mazingira yalipangwa baada ya kuharibika.

Kivu hatuna mikoko, ila tuna ziwa ambalo maji yake ya chini hayapandi juu. Kina kinafika mita 485, na huko chini kuna gesi: takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za kaboni dioksidi. Samaki anaishi juu tu. Hata kiangazi, upepo unapoyachanganya maji, oksijeni haishuki sana kupita mita 60. Kwenye ghuba ya Kabuno, upande wa Sake, hali ni ngumu zaidi: ukishuka mita 10 hadi 12 tu unakuta maji yasiyo na oksijeni, yaliyojaa kaboni dioksidi. Mpango wa vizimba huko siusaini.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kupata tani 1 ya tilapia unalisha kama tani 1.5 ya chakula. Kikiwa na protini asilimia 30, ndani yake mna kilo 72 za naitrojeni. Samaki wanaondoka na kama kilo 24, na kilo 48 zinabaki ziwani. Fosforasi ikiwa asilimia 1 ya chakula hicho, karibu kilo 7 nazo zinabaki. Tani 100 kwa mwaka ni karibu tani 5 za naitrojeni kwenye ghuba moja, juu ya taka na udongo ambao mto Kawa unateremsha kutoka mtaa wa Kadutu kila mvua ikinyesha. Kwa mbolea hiyo mwani unastawi, usiku unakula oksijeni, na alfajiri samaki wanakuja juu wakitafuta hewa.

Kwa hiyo oksijeni ipimwe alfajiri. Ukiipima saa sita mchana utafurahi bure. Ikishuka chini ya miligramu 3 kwa lita, tilapia anapunguza kula, na chakula asichokila kinazama. Asiye na mashine ya kuipima bado ana sahani ya Secchi, ya kupimia maji yanavyopitisha mwanga: bati la duara la sentimita 20, robo nyeupe na robo nyeusi zikipishana, limefungwa kwenye kamba yenye alama. Inama upande wa kivuli wa mtumbwi, lishushe polepole mpaka lipotee machoni, soma alama, livute mpaka lionekane tena, kisha chukua wastani. Namba hiyo ikipungua wiki baada ya wiki, yaani maji yanazidi kuwa na ukungu, punguzeni chakula, wote wa ghuba hiyo kwa pamoja. Mmoja akipunguza peke yake, anamwachia jirani nafasi tu. Ndiyo maana nataka kibali kitolewe kwa ghuba nzima, chenye kikomo cha tani.

Halafu kuna wavuvi wa sambaza, samaki mdogo kama dagaa. Samaki huyo aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo wanamvua usiku kwa taa, mitumbwi mitatu ikiwa imeunganishwa kwa miti mirefu. Chombo kipana namna hiyo hakikwepi kamba za kizimba gizani. Waiteni kabla nanga hazijashushwa, na njia watakazozitaja zichorwe kwenye ramani ileile ya kibali.